LESENI YA LORI LA MAFUTA ISIWE MZIGO WA DEREVA PEKE YAKE



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi: Mambo ya malori ya mafuta yatuhusu nini sisi watu wa reli? Wengine wamesema kwa uchungu kwamba malori ndiyo yaliyotunyang'anya kazi, basi wenye malori na wabebe taabu zao wenyewe. Neno hili si la kupuuzwa. Twataka kulijibu leo katika karatasi hii ya chama, kwa maneno mepesi, ili kila mtu asome na amsomee na jirani yake.

Ni kweli kwamba zamani mafuta mengi ya kwenda bara yalipanda kutoka Mombasa kwa mabehewa yetu ya tangi. Mwaka 1978 bomba la mafuta lilianza kazi kutoka Mombasa hadi Nairobi, na mwaka 1994 likafikishwa Eldoret na Kisumu. Lakini bomba haliendi mpaka kwenye kituo cha petroli cha kijijini, wala halivuki Malaba na Busia. Mafuta yakitoka katika matangi ya bomba huchukuliwa na malori, yakasambazwa katika nchi yetu, na mengine yakavuka mpaka kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na upande wa mashariki wa Kongo. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imebeba makasha mengi, lakini malori ya mafuta yangali barabarani, usiku na mchana.

Tena barabara hiyo na reli yetu ni majirani. Nyumba zetu ziko Nakuru, Molo, Naivasha na Eldoret. Wake zetu na watoto wetu hupanda matatu zinazopita katikati ya malori hayo. Likitokea jambo, moto hauulizi huyu ni mtu wa reli au mtu wa lori.

Na mambo yamekwisha kutokea. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, lori la petroli lilianguka. Watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 10 Desemba 2016, huko Karai, Naivasha, lori lililobeba kemikali ya kushika moto liliacha njia, likagonga magari mengine na kuwaka. Watu wapatao 40 walikufa, na kati yao walikuwamo askari polisi waliokuwa safarini. Mwezi wa Agosti 2019, ndugu zetu wa Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania ya leo, walizika zaidi ya watu 100 baada ya lori la mafuta kuanguka Msamvu, Morogoro. Mwezi wa Julai 2021 ilikuwa zamu ya Gem, kaunti ya Siaya. Watu wasiopungua 13 walikufa. Na usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi. Watu walikufa, na mamia wakaumia.

Baada ya kila msiba twasikia neno lile lile: Dereva alikuwa na leseni? Leseni yake yachunguzwa, naye akiwa hai apelekwa kortini. Hatusemi kwamba swali hilo ni baya. Twasema swali hilo ni nusu ya swali. Sisi twauliza: leseni hiyo ilimfunga nani, na ilimlinda nani?

Kwanza tuseme kwa nini leseni ya pekee yahitajiwa. Mtu aweza kufikiri kwamba aliyeendesha lori la mahindi miaka kumi aweza kuendesha lori la petroli kesho asubuhi. Hawezi. Mahindi hukaa yalipowekwa. Mafuta hutembea. Tangi likiwa nusu, mafuta huenda upande mmoja dereva akikata kona, na uzito huo wote hulivuta lori chini. Ndiyo sababu tangi zuri hugawanywa vyumba na kutiwa kuta za ndani za kuyazuia mawimbi. Dereva asiyejua jambo hili atakata kona kwa mwendo ule ule wa lori la mahindi, na tangi litamlaza mtaroni.

Pili, petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata penye baridi ya barafu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi, bali hutambaa chini, hufuata mitaro, huingia mashimoni, na hukutana na moto mahali ambapo mtu hakutazamia: jiko la mama anayechoma mahindi, cheche ya pikipiki, sigara. Kwa hiyo tangi tupu lililotoka kumwaga petroli si tangi salama. Limejaa mvuke. Fundi akilichomelea kabla halijasafishwa, atakufa. Hata kujaza dizeli ndani ya tangi lililokuwa na petroli kuna hatari yake, maana mafuta yakipita kwa kasi huzaa umeme, na cheche moja ikikutana na mvuke ule wa petroli uliobaki, yatosha. Ndiyo maana lori hufungwa waya wa kupeleka umeme ardhini kabla ya kujazwa. Mambo haya hayajulikani kwa kuzaliwa. Ni lazima mtu afundishwe, apimwe, na apewe cheti.

Basi leseni twaitaka. Asije mtu akasema kwamba chama kinapinga leseni.

Sasa tutazame leseni zenyewe. Katika nchi yetu NTSA ndiyo itoayo leseni ya kuendesha, na katika madaraja yake kuna herufi CD, za magari mazito ya kubeba vitu vya hatari. Mambo ya mafuta na gesi yako kwa EPRA, ambayo hutoa leseni kwa mwenye biashara ya kusafirisha, na kibali cha gari na cha dereva. Baruti ina sheria yake ya peke yake. Taka za sumu ziko kwa NEMA. Kila ofisi ina fomu yake na malipo yake. Lakini mtu aliyekaa nyuma ya usukani ni yule yule mmoja, na tumbo lake ni moja, na usingizi wake ni mmoja.

Sisi wa reli twafahamu maana ya kibali. Treni haiondoki stesheni kwa sababu dereva ana cheti mfukoni tu. Mkaguzi wa mabehewa hupita na taa na nyundo, akatazama magurudumu, ekseli na breki. Breki hujaribiwa, na cheti cha breki hutiwa sahihi. Dereva hapewi njia asiyoijua. Ni lazima kwanza apelekwe na mwenziwe mpaka azijue kona zake na miteremko yake. Naye haingii sehemu ya njia mpaka amepewa ruhusa na mwenye stesheni. Wazee wetu wa injini za moshi walitufundisha kwamba mabehewa ya petroli hayawekwi karibu na injini. Huwekwa mabehewa mengine katikati, ili cheche zisiyafikie. Jambo la kuliangalia hapa ni hili: mkono wa mtu zaidi ya mmoja umo katika karatasi. Treni ikipata ajali, haulizwi dereva peke yake. Huulizwa mkaguzi, huulizwa mwenye stesheni, huulizwa wakubwa wa njia.

Hatusemi haya kwa kujisifu. Reli nayo ina makaburi yake. Mwezi wa Januari 1993 mafuriko yalichukua daraja la Ngai Ndethya, treni ya abiria ikatumbukia, na zaidi ya watu 100 wakafa. Twajua kwamba sheria ikiandikwa vizuri na isitunzwe, ni karatasi tu. Lakini mahali pa kuanzia ni kuandika vizuri.

Sasa twataka kuwaeleza habari moja tuliyoiona kwa macho yetu. Kuna kijana mmoja, mtoto wa mzee aliyefanya kazi ya njia pamoja nasi mpaka akastaafu. Kijana huyo alianza kuwa tanboi wa lori, kisha akajifunza kuendesha, na mwisho akataka kuingia kwenye malori ya mafuta kwa kuwa aliambiwa mshahara ni bora. Akalipa ada ya mafunzo kutoka mfuko wake. Siku za mafunzo hakupata hata senti. Aliuza mbuzi wawili wa babake. Akapata karatasi zake zote, akaandikwa na mwenye malori mmoja, ambaye hatutamtaja jina hapa.

Malipo yake yalikuwa ya safari. Ukienda na kurudi, umelipwa. Ukilala njiani, umejilaza kwa hasara yako. Siku moja, Eldoret, lori limekwisha kujazwa na lataka kwenda Kampala, akaona breki za trela hazishiki sawasawa. Akampigia simu msimamizi wake. Msimamizi akamjibu, "Wewe nenda polepole, fundi atalitazama ukirudi." Kijana akafikiri ile miteremko ya kushuka kuelekea Webuye, akafikiri na soko lililo kando ya njia, akakataa. Jioni hiyo hiyo alinyang'anywa ufunguo. Dereva mwingine, naye mwenye leseni safi kama yake, akapanda akaenda. Lori likafika Kampala bila neno.

Kesho yake msimamizi akawaambia madereva wote, "Mnaona? Lilifika." Tangu siku ile hakuna aliyelalamika juu ya breki.

Kijana alikuja kwetu akatuuliza, "Kaka zangu, nilikosa wapi? Nilifanya kama nilivyofundishwa." Hatukuwa na jibu la kumridhisha. Alifundishwa kwamba lori bovu lisiendeshwe, na cheti chake kilikuwa ushahidi wa kwamba amefundishwa. Lakini karatasi ile ile haikumpa mahali pa kusimama alipolitenda lile alilofundishwa. Na kama angekwenda, lori likamshinda, karatasi ile ile ingetumiwa kumhukumu: wewe ulikuwa na cheti, ulijua, mbona ulikwenda?

Hapo ndipo neno letu lilipo, ndugu zetu. Leseni inayomfunga dereva bila kumfunga mwenye lori haizuii ajali. Inamtafuta tu mtu wa kulaumiwa mapema, kabla ajali haijatokea.

Tena sheria ya nchi haiko mbali na neno hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na mwenye kazi asimtake kurudi kwenye kazi hiyo mpaka hatari imeondolewa. Sheria ya Barabara nayo yasema mtu asiendeshe gari la abiria au la biashara kupita saa 8 kwa jumla katika muda wa saa 24. Maneno haya ni mazuri. Lakini ni nani anayeyapima? Lori likifika mizani ya Mariakani au ya Gilgil, uzito wa kila ekseli hupimwa, na likizidi mwenyewe hutozwa faini. Ni vizuri, maana barabara huharibika. Lakini hakuna mizani ya usingizi. Mtu alipwaye kwa safari atayakata masaa yake ya kulala mwenyewe, kwa mkono wake, na tajiri atasema, "Mimi sikumlazimisha."

Tutazame wenzetu wa ng'ambo wafanyaje. Mwaka 1957, mjini Geneva, nchi za Ulaya zilipatana juu ya kubeba vitu vya hatari kwa barabara. Mapatano hayo, yaitwayo ADR, yalianza kutumika mwaka 1968, na siku hizi nchi nyingine za nje ya Ulaya zimeingia pia. Nijeria iliingia mwaka 2018. Katika mapatano hayo dereva hufundishwa, hufanya mtihani, na cheti chake hudumu miaka 5. Kisha hurudi darasani. Matangi makubwa hukaguliwa, na cheti cha gari hurudiwa kila mwaka. Lakini hayakuishia hapo. Msafirishaji mwenyewe ana wajibu wake ulioandikwa, na lazima awe na mtu aliyefaulu mtihani wa kumshauri juu ya usalama. Kila mtu aliye ndani ya gari, si dereva tu, lazima awe amefundishwa kadiri ya kazi yake, na abiria wa kudandia hawaruhusiwi. Tena maagizo ya kufuata wakati wa ajali lazima yaandikwe katika lugha ambayo watu wa gari hilo waweza kuisoma na kuielewa, na ni juu ya msafirishaji kuwapa kabla ya safari.

Ndugu zetu, lishikeni jambo hilo la lugha. Karatasi nyingi za malori ya hatari tulizozishika mikononi mwetu ziliandikwa kwa Kiingereza kigumu. Wengi wetu tulisoma shule ya misheni miaka michache, tukajifunza kusoma na kuandika na hesabu kidogo, tukaenda kazini. Kiswahili ndicho tunachokifahamu mpaka ndani. Katiba ya mwaka 2010 yasema Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi kwa nini maneno yatakayomwokoa mtu wakati tangi linavuja yawe katika lugha ambayo itambidi kwanza afikiri maana yake?

Kuna na vile vibao vya rangi ya machungwa mlivyoviona mbele na nyuma ya malori. Watoto wetu hufikiri ni namba za gari. Namba ya chini hueleza kitu kilichobebwa, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa, 1075 ni gesi ya kupikia. Namba ya juu hueleza hatari yake. Kwa petroli ni 33, maana yake kitu cha maji kinachoshika moto upesi sana. Zima moto akikiona kibao kutoka mbali atajua alete povu au alete maji, na awafukuze watu umbali gani. Lakini kibao kilichofutika kwa tope, au kibao cha petroli juu ya tangi la asidi, ni uongo wenye kuua. Kukitazama kibao kabla ya safari ni kazi ya nani? Kama leseni ya mwenye mali haisemi, basi kazi hiyo ni ya hakuna mtu.

Tena tusisahau tanboi. Yeye ndiye anayeshuka kwanza kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Yeye ndiye anayelala chini ya trela kulilinda. Lori likianguka na dereva akiumia, ni tanboi atakayesimama peke yake mbele ya watu mia wenye ndoo na mitungi, akiwaambia warudi nyuma. Huko Sachang'wan, Msamvu na Gem tuliona kwamba saa ya kuchota ndiyo saa ya kufa. Je, huyo kijana amefundishwa la kusema? Amepewa filimbi, vibao vya kuzuia njia, mtungi wa kuzimia moto anaojua kuutumia? Mara nyingi hana cheti, hana mkataba, na mshahara wake hutoka mfukoni mwa dereva.

Sasa tuseme makosa yetu wenyewe, maana mgala muue na haki umpe. Wako madereva wanaotia gia huru kwenye mteremko wa kuelekea Salgaa ili kuokoa dizeli, halafu waiuze. Breki hupata moto, hazishiki, na watu hufa. Wako wanaosimama vichakani kufungua koki na kuuza mafuta ya tajiri kwa madebe. Wako wanaonunua cheti bila kukaa darasani hata siku moja. Chama hakiwezi kumtetea mtu wa namna hiyo, wala kisidanganyike kwamba umaskini ni ruhusa ya kuwachoma watu. Tukitaka mwenye lori afungwe na leseni, na sisi tukubali kufungwa nayo.

Wengine wamesema kwamba leseni ni njia nyingine ya kula shilingi zetu, na kwamba penye karatasi nyingi ndipo penye hongo nyingi. Neno hilo lina ukweli. Leseni ya kweli haipatikani dirishani. Hupatikana darasani na kwenye gereji, na ukaguzi wake hufanywa barabarani mbele ya mashahidi. Tena karatasi iliyokataliwa lazima izuie kazi kweli. Baada ya mlipuko wa Embakasi, EPRA ilisema kwamba maombi ya kujenga mahali pa gesi pale yalikataliwa mara tatu katika mwaka 2023. Yalikataliwa, na gesi ikawa pale. Basi ofisi ikikataa, ni lazima iende ikatazame kama imesikilizwa.

Na kwa wale wanaosema, "Waacheni watu wa malori, walitunyang'anya mkate," twajibu hivi. Dereva wa lori hakutunyang'anya kitu. Yeye hakuchora njia ya bomba, wala hakupanga bei ya behewa. Alitafuta kazi kama sisi tulivyotafuta. Na akifanyishwa kazi saa 16 kwa malipo duni, bei ya kubeba mafuta kwa barabara yaonekana rahisi kwa sababu usingizi wake hauhesabiwi katika bei hiyo. Siku atakapolipwa sawasawa na kupumzika sawasawa, ndipo reli na barabara zitakaposhindana kwa haki, na huenda baadhi ya mafuta hayo yakarudi relini yanakofaa. Kumtetea ni kujitetea.

Kwa hiyo sisi twaona chama chetu kiungane na vyama vya madereva wa masafa marefu, tena kiombe Shirikisho letu COTU lipeleke mambo haya mbele ya Serikali:

(1) Leseni ya dereva, ya gari na ya mwenye biashara zifungwe pamoja. Lori likikamatwa na breki mbovu au kibao cha uongo, iguswe leseni ya mwenye biashara, si ya dereva peke yake.

(2) Ada ya mafunzo na ya leseni ilipwe na mwenye kazi, na siku za mafunzo zihesabiwe kuwa siku za kazi.

(3) Kabla ya safari cheti cha gari kitiwe sahihi na fundi na dereva wote wawili, kama cheti chetu cha breki, na nakala ibaki pale lori lilipojazwa.

(4) Malipo ya safari yakomeshwe katika malori ya vitu vya hatari. Mshahara uwe wa mwezi, na saa 8 ziangaliwe kwa kitabu cha saa ambacho askari na mkaguzi wa kazi waweza kukifungua.

(5) Tanboi afundishwe, apewe cheti chake, na aandikwe kazi kwa mkataba.

(6) Mafunzo, mtihani na maagizo ya ajali viwe kwa Kiswahili kwa kila anayetaka.

(7) Dereva aliyekataa lori bovu asifukuzwe. Akifukuzwa, mwenye kazi ndiye athibitishe kwamba lori lilikuwa zima.

Hatudhani kwamba haya yatapatikana mwezi ujao. Lakini kila tawi laweza kuanza na jambo dogo. Mwite dereva mmoja wa lori la mafuta aje kwenye mkutano wenu, mkae naye, mwulize alilala saa ngapi jana, na ni nani aliyelipa cheti chake. Yaandikeni majibu yake, myalete kwa Katibu. Maneno ya watu kumi walioulizwa kweli yatatupa nguvu mbele ya Waziri kuliko kelele za watu elfu. Tena wafundisheni watoto wenu na akina mama sokoni kwamba lori likianguka, kukimbia ni kwenda mbali nalo, si kulikaribia. Na anayekwenda na ndoo asiachwe aende.

Yule kijana sasa anaendesha tinga tinga kwenye shamba la miwa. Mshahara wake ni nusu ya ule wa kwanza. Vyeti vyake amevifunga katika mfuko wa nailoni, na havijaisha muda. Tulipomwuliza kama atarudi kwenye mafuta, alisema atarudi siku ambayo akisema lori ni bovu, lori litasimama.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tumekwisha kujenga makaburi, na ufa ungali wazi.

Ni sisi wenzenu katika kazi,
Wafanya Kazi wa Reli.